Kipimo cha OBD2 cha bei ndogo: uzoefu wangu na gari lililokuwa likizima ovyo

Ni kifaa kidogo cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari (OBD2 ni mfumo wa gari kujikagua lenyewe), na nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea kwenye kuunganisha, nitaeleza.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, cc 1300, otomatiki, la mwaka 2005, na lilishuka bandarini Dar likiwa tayari limetumika. Ugonjwa wake ulikuwa huu: asubuhi linawaka bila shida, linatembea vizuri, ila likishapata moto kwenye foleni ya Kimara linakata ghafla. Halitetemeki wala halikohoi kwanza. Usukani unakuwa mzito, breki inabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, na bodaboda wa nyuma wameshaanza honi. Ukisubiri injini ipoe kidogo, linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Tabia hiyo ya kupona lenyewe ndiyo iliyokula hela zangu, maana kila nikilifikisha kwa fundi linanguruma vizuri kabisa.

“Dada, hapo ni pampu ya mafuta tu.” Pampu ikabadilishwa. Kisha plagi. Kisha trotobodi, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikasafishwa. Sikatai, plagi zilikuwa zimechoka kweli. Lakini kila kazi ilianza kwa kuchomoa waya wa betri, na kwenye magari ya umri huu ukichomoa betri, kompyuta ya gari inafuta makosa iliyokuwa imeyahifadhi. Yaani ushahidi ulikuwa unafutwa kabla hata boneti haijaangaliwa.

Kipimo nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Kinachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kinatuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth. Boksi linadai kinasoma magari yote. Hapo wametuongopea. Marekani ililazimisha OBD2 kwa magari mapya kuanzia 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001, lakini mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe miaka hiyo yalikuwa na utaratibu wao wa mawasiliano, ingawa soketi ni ileile. Na hayo ndiyo yamejaa barabarani kwetu! Simu yangu iligoma kuunganishwa mpaka nilipoingia kwenye mipangilio ya programu, nikaacha “otomatiki”, nikachagua ISO 14230, moja ya “lugha” ambazo kompyuta za magari huongea, kisha nikaongeza amri chache za kukielekeza kipimo, zinazoanza na AT, ambazo watu wenye magari ya Kijapani huzitumia. Maelekezo ya ndani ya boksi hayasemi neno juu ya haya.

Kilipokubali, nilisubiri gari lizime lenyewe. Likazima. Namba ya kosa iliyotokea: P0335, ambayo ni saketi ya sensa ya kreni (crankshaft, mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni). Sensa hii ndiyo inayoiambia kompyuta kreni imefika wapi na inazunguka kwa kasi gani. Taarifa hiyo ikikatika, kompyuta haijui lini ipige cheche wala lini imwage mafuta, basi inazima kila kitu. Ndiyo maana injini haikuwa ikikohoa. Pampu inayochoka, mara nyingi gari hupungukiwa nguvu na kukwamakwama kwanza.

Lakini namba ya kosa haikutajii spea ya kununua. Saketi ni sensa, waya na soketi yake, na yoyote kati ya hivyo inaweza kuleta P0335. Kilichonishawishi zaidi ni ukurasa wa taarifa za papo kwa papo: gari likiwa limezima na bado la moto, nikipiga starta nasikia kabisa injini inazungushwa, ila mzunguko wa injini (RPM) kwenye simu unasoma 0. Likishapoa, namba inaonekana.

Nilimwonyesha fundi umeme picha za skrini. Hakubishana. Alitikisa waya, akakagua soketi, akaichomoa sensa na kuipima kwa mita. Ikiwa baridi ilisoma vizuri. Akaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, mita ikaonyesha imekatika. Ndani yake mna waya mwembamba sana uliozungushiwa, na ukichoka huweza kuachana kwa joto kisha ukagusana tena ukipoa. Nilinunua sensa mpya. Ya kuchomolewa kwenye gari lingine ipo na ni rahisi, ila imeshapikwa kwa miaka ileile kama ya kwangu, sioni faida yake. Tangu hapo napita Kimara jioni, AC imewashwa, gari halijakata.

Ukikinunua, usikiache kimechomekwa usiku kucha. Kinanyonya betri hata gari likiwa limezimwa, na namba ya siri ya Bluetooth mara nyingi ni 1234, ambayo yeyote aliye karibu anaweza kuikisia.