Kipimo cha virusi katika saratani ya koo: uzoefu wangu Lubumbashi

Daktari wa masikio, pua na koo alipokuta uvimbe kwenye findo langu la kulia, lile ambalo sisi hapa tumezoea kuliita amigdali, alinielekeza kwenye maabara moja binafsi ya hapa Lubumbashi ambayo hupokea vinyama vilivyokatwa hospitalini na kuvituma Afrika Kusini kupimwa. Nililipa dola 130 na kuahidiwa majibu baada ya siku 14, nayo yakafika siku ya 31. Ucheleweshaji huo peke yake ungetosha kunifanya nilalamike, ila kilichonikera zaidi ni jina la kipimo chenyewe.

Kwenye risiti waliandika kwamba nimelipia kipimo cha HPV, yaani virusi vya papiloma, ambavyo vinaweza kuleta saratani ya koo. Ripoti ilikuja kwa Kiingereza, ikabidi binti yangu anisomee, na ndipo tulipogundua kuwa kilichopimwa ni p16 tu. P16 si kirusi, ni protini ya mwili wetu wenyewe. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, vikishajikita ndani ya seli huharibu breki inayoizuia isigawanyike ovyo, na breki hiyo ikishakatika p16 hurundikana kwa wingi, hata mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza vinyama, akaiona kwa rangi chini ya hadubini. Angalau asilimia 70 ya seli za saratani zikishika rangi hiyo sawasawa, jibu huwa chanya. Huko ni kumtambua mwizi kwa nyayo, na nyayo zinaweza kuwa za mtu mwingine: utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 7,000, ulionyesha kuwa p16 na kipimo cha virusi vyenyewe vilitofautiana kwa takriban asilimia 9 ya wagonjwa, na kwamba p16 hupotosha zaidi pale ambapo saratani za koo zinazoletwa na virusi hivi ni chache.

Nilikuwa na sababu ya kung'ang'ania jambo hili. Kwa kuwa tezi mbili za shingo upande uleule zilikuwa zimevimba, daktari aliniandikia mwanzoni hatua ya IV, ile ya mwisho, na nyumbani tulilala siku kadhaa bila mtu kuzungumza. Kwa utaratibu unaotumika tangu 2018, uvimbe huohuo na tezi hizohizo, p16 ikiwa chanya kama yangu, huitwa hatua ya I. Sikuwa tayari kuifurahia habari kubwa namna hiyo kwa ushahidi wa nyayo peke yake.

Nilirudi kaunta kuomba wapime virusi vyenyewe. Hapo niwasifu, kwani dada aliyenipokea alifungua droo akanionyesha kikasha cha plastiki kisichozidi kidole gumba, ndani yake nta nyeupe, na katikati ya nta kitu cha kahawia chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Namba yangu iliandikwa kwa penseli, kwa sababu wino husafishwa na kemikali. "Baba, usiogope," aliniambia, "hawatakukata tena, nyama yako ni hii." Niliongeza dola 90, na jibu la pili likakubaliana na la kwanza.

Kwenye benchi nilikaa na mzee mwenye saratani ya zoloto aliyelipishwa dola 130 kama mimi, ingawa huko virusi hivi vina mchango mdogo na p16 haitumiki kupanga hatua ya ugonjwa. Mama mmoja mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi, ambaye ndiye hasa aliyestahili kipimo, hakuwa ametajiwa neno. Mwongozo wa mwaka 2018 wa wanapatholojia wa Marekani, College of American Pathologists, unataka kila saratani mpya ya findo au ya shina la ulimi ipimwe p16, na hautaki ipimwe kwa mazoea katika sehemu kama zoloto. Maabara inayopokea pesa ingeweza kuuliza swali moja tu: uvimbe uko wapi?

Matibabu yangu hayakupunguzwa kwa sababu ya jibu hilo. Majaribio mawili makubwa ya 2018 yaliwapa wagonjwa wenye virusi dawa ya cetuximab, iliyotarajiwa kuwa nyepesi, badala ya cisplatin, dawa ya kawaida, wakiwa kwenye mionzi, na waliopewa cetuximab waliishi muda mfupi zaidi, kwa hiyo nilipewa cisplatin kama kawaida.

Naipa maabara nyota tatu kati ya tano. Anayekwenda pale aombe kurudishiwa kikasha chake cha nta. Mimi nilivuka nacho mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa mwezi wa Oktoba, kwenye mfuko wa shati, nikikigusa kila mara nisije nikakuta kimeyeyuka.