Fundi viatu mfupi wa Kibuye: mkono safi, chenji balaa

Si mnajua leprekoni, vile vijitu vya hadithi za Ayalandi, basi kumbe kamoja kamehamia Kisumu na kanashona viatu Kibuye nyuma ya watu wa mitumba, koti jekundu (hiyo ya kijani mnaona kwa picha ni mambo ya juzi, zamani walikuwa wanavaa nyekundu), amekalia kreti ya soda na bado miguu haifiki chini.

Kazi bana ni safi. Nilipeleka viatu vya ofisi, soli imeachama kama mdomo wa mbuta, akapiga gundi, akashona na uzi wa nta, tuk tuk tuk, yule fundi wangu wa Kondele hafiki hapo. Soo mbili tu. Shida ni ati anatengeneza kimoja! Kuuliza cha kulia naambiwa kwao fundi hushughulika na kiatu kimoja, rudi kesho. Nikapanda boda nimevaa kimoja kizuri na kimoja patipati.

Sasa chenji. Hana till, anataka keshi, nikampa mia tano akanirudishia mia tatu, kufika kwa mama wa omena nafungua pochi ni majani makavu, mama akaniangalia tu hivi. Na hadithi zao zenyewe zinasema pesa yake hugeuka, sijui nilikuwa nafikiria nini. Nikarudi kumdai, tuktuk ikapiga honi nikageuka sekunde moja, kuangalia tena kreti ni tupu.

Nyota tatu. Cha kulia bado kiko kwake.