Chuma cha kununua kwa kisu cha tabaka: mpangilio wa fundi wa nyumbani, Mtwara na Lindi

Wengi wanaoanza kufua visu vya tabaka huhangaikia fuawe na blowa. Pesa ya kwanza ielekeze kwenye chuma. Vipande hupangwa, hupashwa moto hadi karibu nyuzi joto 1,200, kisha hugongwa vikashikana bila fimbo ya kuchomelea. Vikiwa vyuma visivyopatana, utagonga mchana kutwa na jioni vitaachana unapokizamisha kisu kwenye oili ili kikazwe, yaani kiwe kigumu. Kwa hiyo nimepanga kwa jozi.

Ya kwanza ni tupa kuukuu pamoja na msumeno wa mkanda wa mashine ya kupasulia mbao. Tupa nzuri ina kaboni inayozidi asilimia 1, na ndiyo inayotoa makali. Mikanda mingi ya mbao ina nikeli ya asilimia 2 hivi, nayo nikeli haishikwi kirahisi na asidi: ukimaliza kisu na kukizamisha kwenye asidi, tupa hugeuka nyeusi na msumeno hubaki unang'aa. Urembo wote wa tabaka umo humo. Vyote viwili hukazwa kwa oili ileile, jambo ambalo si kila jozi ya skrepa inaliweza. Mikanda iliyokatika waulize wapasua mbao, hasa upande wa Liwale na Nachingwea. Tupa zilizoisha ziko kwa mafundi seremala na gereji. Kata meno ya msumeno kabla ya kuupanga, na tupa isage mpaka mikwaruzo yake iishe, maana mfereji mmoja uliobaki hufungia uchafu ndani. Jihadhari na tupa za bei ya chini zilizokazwa ngozi tu, ndani chuma laini.

Ya pili, na kwa asiyewahi kuunga hata mara moja mimi naiweka mbele ya zote: tupa katikati, flati baa ya kawaida pande mbili. Flati baa ni laini, hushika upesi, na katikati mnabaki ukanda mmoja mgumu wa kunolewa. Maua, yaani urembo wa tabaka, hayatakuwa mengi, lakini kisu kitakata samaki na muhogo kwa miaka. Nondo pia inafaa ukiifua bapa kwanza.

Ya tatu ni springi pati za magari. Zinapatikana kila gereji, na kwa panga au shoka sioni mshindani. Kwa tabaka nazishusha kwa sababu nyingi zina kromiamu kidogo inayofanya ziwe ngumu kushikana, na zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe hakuna ua litakaloonekana. Springi iliyovunjika huwa na nyufa usizoziona. Chukua vipande vilivyo mbali na pale ilipokatikia na mbali na tundu la katikati. Iliyolala nje karibu na bahari, Mikindani au Kilwa, huliwa na kutu hadi mashimo. Usiilipie kilo nzima ilhali nusu yake itaishia kwenye grenda.

Gololi na mizingo ya beringi niziweke mwisho. Kisu chake ni kikali mno, ila ni kazi ya mtu aliyezoea.

Usinunue kabisa chuma kisichoshika kutu, maana ngozi yake huzuia muungano. Bomba na bati lenye zinki nalo liache: moshi wake huleta homa na kifua kubana.

Kabla ya kulipa, omba kipande kidogo. Kipashe moto mpaka sumaku iache kukishika, kizamishe kwenye oili, kisha jaribu kukikwaruza kwa tupa mpya. Tupa ikiteleza, nunua. Ikikwangua kama kawaida, hicho ni cha pembeni tu. Hata kwa grenda utaona: chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi, flati baa hutoa mistari mirefu mitupu.

Boraksi ni lazima, na masonara wanaijua kwa kazi yao ya dhahabu. Huyeyuka karibu na nyuzi 743 na kufukuza kutu ya moto kati ya tabaka. Mchanga wa pwani una chumvi na chokaa ya kombe. Usiutumie badala yake.

Kwa moto, mkaa wa mti mgumu au wa vifuu vya nazi unatosha, ukiwa na upepo wa nguvu. Maganda ya korosho yamejaa tele kwetu na yanawaka sana, lakini mafuta yake huchoma ngozi na moshi wake huwasha macho, yaache. Ukiona chuma kinatoa cheche kikiwa bado ndani ya moto, kitoe haraka. Tupa ndiyo ya kwanza kuungua, kwa hiyo iangalie hiyo kuliko flati baa.