Uzoefu wangu na bima ya paraglaida: jua kwanza inamlinda nani

Nianze na nyota, ili mwenye haraka ajiendee zake: tatu na nusu kati ya tano. Katika ile moja na nusu niliyoikata, nusu ni hasira yangu mwenyewe. Nililipia bima hii miaka mitatu nikiamini inanilinda mimi, na sikuisoma mpaka siku nilipovunjika kifundo cha mguu.

Mimi ni mtoto wa Iten, Kenya. Kwetu ukisema unatoka Iten watu huangalia miguu yako, kwa sababu ya mbio. Lakini kila Januari, tukiwa watoto, tuliona wageni kutoka Ulaya wakishusha mabegi makubwa kuliko wao kwenye ukingo wa bonde, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Walikunjua kitambaa, wakakimbia hatua tano sita, kisha wakaelea juu ya Bonde la Kerio hadi wakawa nukta. Hakuna aliyetuuliza kama tungependa kujaribu, nasi hatukuomba.

Skolashipu ya mbio ndiyo iliyonileta Utah, Marekani, goti likagoma mwaka wa pili. Baadaye mwenzangu kazini akanipeleka Point of the Mountain, kilima kirefu kusini mwa Salt Lake City ambacho upepo wake una ratiba kama basi la shule: asubuhi unapiga upande wa kusini, jioni upande wa kaskazini. Nikakiona kitambaa kile kile cha utotoni. Wiki iliyofuata nilikuwa nimejiandikisha kwa mwalimu.

Kwa asiyejua: paraglaida ni bawa la kitambaa linalojaa hewa, nawe unakaa chini yake kwenye hanesi iliyofungwa kwa kamba nyembamba nyingi. Hangiglaida ina mifupa ya alumini, na rubani hulala kifudifudi. Wenyewe wanataniana sana, lakini kwa watu wa bima wote ni kapu moja, kapu la vichaa.

Kilichonishangaza mwanzoni ni sheria. Marekani kuruka huku kunaangukia Sehemu ya 103 ya kanuni za anga, iliyotoka 1982. Serikali haikudai leseni, haikudai namba ya usajili. Nyumbani hata wa bodaboda anatakiwa awe na leseni! Nikadhani basi, anga ni ya bure. Ndipo mwalimu wangu akanieleza kwamba anga ni ya bure ila kilima kina mwenyewe, na mwenye kilima anataka kuona kadi ya USHPA, chama cha kitaifa cha warukaji hawa. Kadi inaonyesha daraja lako, P1 hadi P5, na ada ya uanachama inakuja na bima ya dhima. Nikalipa mwaka 2014. Kwenye kichwa changu nikaandika: nimekatiwa bima. Sikuandika zaidi ya hapo.

Tuje 2017. Jioni, upande wa kaskazini, upepo ulikuwa umeanza kulegea na mimi nikang'ang'ania kupita mara moja zaidi. Nilikosa urefu, nikashuka karibu na magari yaliyoegeshwa, nikagonga kioo cha pembeni cha pikapu ya mtu na kutua vibaya kwa mguu wa kushoto. Kioo kikaning'inia kwa waya. Mguu nao ukaangalia upande ambao miguu haiangalii.

Nikiwa hospitali nilipiga simu mbili. Ya kwanza, kwa kampuni iliyonikatia bima ya nyumba ya kupanga, kwa sababu ile bima ina kipengele cha dhima: ukivunja mali ya mtu, wanalipa. Nilisikilizwa kwa upole sana, hadi nilipofika kwenye neno "kuruka". Kumbe mikataba mingi ya bima za nyumba ina mstari unaokataa ajali yoyote ya chombo cha angani, na maana ya chombo cha angani humo ni chochote kilichotengenezwa au kinachotumika kuruka, isipokuwa vile vidogo vya kuchezea visivyobeba mtu. Dada wa kwenye simu akanisomea mstari wote. Kitambaa changu cha kilo tano, ambacho kwa serikali hakihitaji hata namba, kwa kampuni ya bima ni ndege.

Simu ya pili ilikuwa kwa mwalimu wangu, kumuuliza fomu ya kudai pesa za mguu inapatikana wapi. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. "Hiyo ni thadi pati, bwana. Mguu ni wako." Bima ya dhima hulipa yule uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Wewe mwenyewe, bawa lako, siku zako za kukosa kazi, haikujui. Kioo cha pikapu nilikilipa taslimu, tukapeana mkono na mwenyewe, yakaisha. Mguu ulibebwa na bima ya afya ya kazini baada ya kunikamua sehemu yangu. Kwa hiyo ajali moja, bima mbili za dhima, na hakuna iliyotoa hata senti.

Ile nusu nyota ya hasira yangu imetoka hapo. Lakini nimeiacha bima hii na nyota tatu na nusu kwa sababu mwaka uliofuata niliiona ikifanya kazi, na haikuhusu ajali hata kidogo.

Klabu yetu ilikuwa inatafuta kilima kingine. Tulikipata, kwenye ranchi ya mzee mmoja mfugaji. Tulimfuata watu watatu, tukamwambia kila mrukaji atatia sahihi karatasi kwamba hatamshtaki. Tukamkumbusha pia kwamba Utah ina sheria inayomkinga mwenye ardhi anayewaruhusu watu kujiburudisha bila kuwatoza. Alitusikiliza akichokonoa kucha kwa kisu. Halafu akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

"Wewe sikuogopi," akasema. "Namwogopa mke wako."

Sikuwa na mke, lakini nilimwelewa. Ukifa kwenye kilima chake, karatasi uliyotia sahihi ni yako, si ya wanaokutegemea, na wakili wa mjane atajaribu kila mlango. Ile sheria ya jimbo huenda ikampa mzee ushindi, ila kushinda nako kunahitaji wakili, na wakili wa Marekani analipwa kwa saa. Mtu anaweza kushinda kesi akauza ng'ombe. Ndiyo maana karatasi aliyoitaka ni moja tu: cheti cha bima ya USHPA chenye jina lake kama mmoja wa waliokatiwa, yaani akishtakiwa, bima ndiyo inayobeba gharama za kumtetea. Alipokipata alikisoma mara mbili, akatufungulia geti.

Pale ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nikinunua tangu 2014. Bima yangu ni kiingilio cha kilima. Ninalipa ili mzee alale usingizi.

Na kiingilio hicho kilikaribia kutoweka kabisa. Mwishoni mwa 2015 tuliambiwa waliokuwa wakiibeba bima hii hawaitaki tena, na sokoni hakukuwa na mwingine wa kuipokea kwa bei tunayoiweza. Wengine walilaumu mabepari. Mimi nilipiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi cha mkahawa. Chama wakati huo kilikuwa na watu kama 10,000 hivi. Hukumu moja ya dola milioni 1 ni dola 100 kwa kila kichwa, pamoja na yule bibi wa California anayeruka mara mbili kwa mwaka na hajawahi kugusa hata kichaka. Mbili za namna hiyo katika mwaka mmoja na hakuna kampuni itakayoona faida. Bima inapenda umati, sisi tuko wachache, na tunaanguka kutoka juu.

Suluhisho lilinikumbusha akina mama wa kwetu. Kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayoruhusu watu wenye hatari ya aina moja waanzishe kampuni yao wenyewe ya bima ya dhima, wakaisajili jimbo moja na kuhudumia majimbo mengine. Kwa ufupi, chama cha kuchangishana. Zikahitajika takriban dola milioni 2 za mtaji, ikapigwa harambee, na 2016 kampuni yetu wenyewe, Recreation Risk Retention Group, ikaanza kazi. Nami nilitoa dola hamsini, nikajiona mwekezaji.

Ubaya wake lazima niuseme, kwa sababu wengi hawausikii: kampuni za aina hii hazilindwi na mifuko ya dhamana ya majimbo, ile inayowalipa wateja kampuni ya kawaida ikifilisika. Mwenye matatu yeyote aliyewahi kuamka asubuhi akasikia kwenye redio kwamba kampuni iliyombandikia stika kwenye kioo imefungwa ataelewa ninachosema. Tena ukiwa mwenye mali wa pamoja, uzembe wa mwenzako unakuuma mfukoni. Kilimani pale nimeanza kuona watu wakimkemea mgeni anayerukia upepo mkali, watu ambao zamani wangechukua simu wapige video. Mimi mwenyewe nimekemea. Ada nayo ilipanda, na sitajifanya haikuniuma.

Jambo moja la haraka kwa wanaotaka kumpandisha shangazi akitembelea Marekani: kuruka wawili kwenye bawa moja kunaruhusiwa kule kwa msamaha maalumu wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na msamaha huo ni wa mafunzo. Abiria ni mwanafunzi hata kama yuko likizo. Kwa hiyo usishangae shangazi akipewa somo na fomu za kutia sahihi kabla ya kubebwa, na usimrushe na rafiki yako asiye na daraja la kubeba wawili kisha ukategemea bima.

Januari 2019 nilirudi nyumbani na bawa langu. Mama alilitazama begi akasema umekuwa mzungu. Kabla sijaruka nilikwenda Eldoret kwa wakala wa bima, nikaomba ya thadi pati kwa paraglaida. Kijana wa watu alijitahidi. Fomu aliyokuwa nayo ilikuwa na nafasi ya namba ya usajili na namba ya injini. Tuliishia kwenye bima ya ajali binafsi ile wanayouziwa wa bodaboda, na hata hiyo niliisoma safari hii, kila mstari, pale pale kaunta, akiangalia saa. Kuruka kulikuwa kumetolewa. Nikamshukuru nikaondoka.

Niliruka hivyo hivyo, bila. Dakika arobaini juu ya bonde nililolitazama utoto mzima, sina la kuandika hapo. Kutua ndiko kulikonishinda: upepo wa bondeni uligeuka, nikashukia kwenye ua wa miiba wa boma la mbuzi. Kamba zilinasa, mbuzi wakatawanyika, watoto wakaja mbio kutoka kila upande. Ilibidi sehemu ya ua ikatwe ili kitambaa kitoke bila kuchanika.

Mwenye boma alikuja taratibu na fimbo yake. Niliamkia, nikataja ukoo wangu, nikasema pole sana mzee, ua nitaulipa. Alitaja bei ya siku mbili za kibarua, nikatoa, hakukuwa na fomu. Nikadhani tumemaliza. Akakaa kwenye jiwe, akaniuliza kwa Kikeiyo:

"Na ungekufa hapa kwangu, kijana wangu, ningemwambia nani?"

Nikamwambia nina chama Marekani. Akatikisa kichwa, akatoa simu yake ya mulika mwizi, akanitaka nimsomee namba ya mama yangu pole pole. Aliiandika, akaipiga palepale kuhakikisha inaita.