Ziara ya maasi ya 1964 Dar es Salaam: walimu wa historia, wapelekeni vijana

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha nne kwenye ziara ya mzee mmoja anayetembeza watu katikati ya jiji kufuata nyayo za maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo. Shilingi 15,000 kwa mwanafunzi, basi mnakodi wenyewe. Hela yetu haikupotea.

Anaanzia Sanamu ya Askari, mtaa wa Samora. Akawauliza vijana: tarehe 9 Desemba 1961 tulikabidhiwa nini? Wakajibu bendera, Bunge, Waziri Mkuu. "Na jeshi je, wajukuu zangu?" Kimya. Hapo ndipo aliponikamata hata mimi ninayefundisha mada hii kila mwaka. Jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, lilibadilishwa jina tu. Hadi Januari 1964 kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na maofisa wengi walikuwa wenzake. Mawaziri wetu walichaguliwa na wananchi, lakini waliokuwa na silaha walipokea amri kwa maofisa wa kuazimwa. Vitabu vya shule vinalipita jambo hili kwa sentensi moja, na inaniuma.

Magogoni, mkabala na Ikulu, ndipo penye utamu. Anasimulia usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari: askari wa kambi ya Colito wanawafungia maofisa wao, wanaingia mjini, Nyerere anafichwa, na Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, anakwenda kambini kuzungumza nao. Walidai maofisa Waafrika na mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260. Binti mmoja akauliza, "Babu, kwani madai yao yalikuwa mabaya?" Mzee hakumkatisha. Alisema madai yalikuwa ya haki, ila serikali inayojadiliana huku imeelekezewa mtutu haijadiliani. Wakabishana hadi kivuko cha Kigamboni kikaenda na kurudi.

Lugalo, yaani Colito ya zamani, mnapita ndani ya basi tu. Picha marufuku, waambieni vijana mapema.

Kasoro kubwa niliyoiona ni kwamba anafunga hadithi tarehe 25 Januari, makomando wa Uingereza waliposhuka kutoka manowari ya HMS Centaur kuyazima maasi. Kwa mtihani na kwa uraia, yaliyofuata ni mazito zaidi: jeshi kuvunjwa, askari wa Nigeria kushika ulinzi kwa miezi kadhaa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuundwa tarehe 1 Septemba 1964 chini ya Mirisho Sarakikya, na askari kuruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, chama tawala. Serikali iliamua kulilinda jeshi lisiiasi kwa kulifunga kwenye chama, na hali hiyo ilidumu hadi mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Kijana asipoyasikia haya anaondoka akidhani Waingereza ndio waliomaliza kazi.

Nilimweleza, akasema mkitaka sehemu hiyo mwambieni siku ya kulipia, ataongeza saa moja bila malipo. Mwambieni.