Kozi ya umeme wa majumbani katika chuo cha maendeleo ya wananchi: uzoefu wangu

Nilijifunza kufunga umeme kwa kumfuata fundi mtaani hapa Tabora, na baadaye nikajiunga na kozi ya umeme wa majumbani katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi mkoani kwetu. Nawaandikia hasa mafundi wenzangu wanaosita kwa kudhani kwamba huko watafundishwa yale yale wanayoyajua.

Kilichonifaa kuliko vyote ni upimaji. Mtaani kazi ilihesabiwa imekwisha taa zikiwaka. Chuoni mwalimu hakuruhusu umeme uwashwe kabla ya kupima: tulizima swichi kuu, tukatoa balbu zote, tukawasha swichi za taa ili nyaya zote ziingie kwenye kipimo, kisha tukafunga mega, yaani kifaa cha kupima kama ganda la waya linazuia umeme kuvuja, na kupeleka volti 500 kati ya waya wa moto na waya wa athi, ule unaokwenda ardhini. Kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, dalili kwamba ganda lina kasoro, tulifungua boksi moja baada ya jingine, na mara nyingi tulikuta ganda la waya limechubuliwa na ncha ya bomba lililokatwa kwa msumeno bila kusuguliwa. Nyumba kama hiyo taa zingewaka vizuri, na hatari ingebaki ukutani bila mwenye nyumba kujua.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, vikiwalenga watu wazima wa kila kiwango cha elimu, na lengo hilo nililiona darasani. Niliketi na mhitimu wa darasa la saba na mama ambaye mtoto wake alishinda kwenye chekechea ya chuo. Bila chekechea ile asingesoma kabisa.

Mega ilikuwa moja kwa darasa zima, nayo ni dosari. Kinachoniuma zaidi ni mafunzo ya kazini, kwa kuwa kila mwanafunzi alijitafutia nafasi mwenyewe, na wenzetu wa vijijini wasio na jamaa mjini waliangukia kwa mafundi waliowapa kazi ya kutindua kuta tu, wakamaliza muda wao bila kufunga hata soketi moja. Chuo kinapaswa kuzungumza na wakandarasi mapema.

Hata hivyo ada yangu haikupotea, na ningeilipa tena kwa ajili ya upimaji peke yake. Anayetaka kujiunga aombe kwanza kuingia karakana, aulize vipimo viko vingapi, na aulize ni nani atakayemtafutia mahali pa mafunzo ya kazini.