Waleti ngumu au laini: uzoefu wangu na zote mbili hapa Kigoma

Tuelewane maneno kwanza, maana soko la Mwanga ukiulizia pochi unaweza kuonyeshwa mkoba wa begani. Hapa nazungumzia waleti ya kike, ile ya kutia noti, sarafu na kadi, inayokaa ndani ya mkoba au inayoshikwa mkononi. Nimetumia ngumu na laini, mpya na za mtumba, na hukumu yangu naitoa mapema: waleti hufia mdomoni. Zipu, bawaba, kifungo au sumaku ndivyo vinavyotangulia kuharibika, mwili ukiwa bado unapendeza. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza bonyeza kujua ni ngumu au laini, fungua na ufunge mara 20 hapo hapo mbele ya muuzaji.

Ngumu ziko za sura tatu. Kuna kisanduku cha alumini cha kutia kadi, ambacho ndani kina mifuko ya plastiki inayofunguka kama kipepeo cha mkononi. Kuna ile ndefu yenye zipu inayozunguka pande tatu, imetiwa kadibodi au plastiki ngumu kati ya ngozi bandia na bitana. Na kuna ya sherehe, ya fremu ya chuma yenye vipipi viwili vinavyopishana na kulia "ta!" ukifunga. Watu huziita zote ngumu, lakini hazifanani hata kidogo kwa matumizi.

Kisanduku cha alumini ni kizuri kwa kazi moja tu: kuzuia kadi zisipinde. Kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, leseni, vyote vina upana wa milimita 85.6 kwa 54, na kadi ya benki ya kawaida ina unene wa milimita 0.76. Kadi sita hazifiki hata nusu sentimita, ndiyo maana visanduku vingi vina mifuko sita au saba na vinafunga bila shida. Tatizo huanza ukitia kadi mbili mbili kila mfuko, ukaongeza laini ya simu ya akiba na noti iliyokunjwa mara nne. Mfuniko unafunga, ndiyo, lakini unafunga kwa kulazimishwa. Angalia bawaba yake: nyingi hazina pini ya chuma, ni ukanda wa plastiki uliobanwa baina ya mabati mawili. Ukanda huo ukivutwa kila siku unapauka, unapata mstari mweupe katikati, kisha unakatika kwenye mstari huo huo. Ukiona weupe umeanza, punguza mzigo, kwa sababu gundi yoyote utakayopaka hapo haitadumu. Mahali panapojikunja hapagandi.

Kifungo chake nacho ni cha plastiki. Kikilika kidogo tu, kisanduku kinafunguka chenyewe kikianguka na kadi zinatawanyika. Kipime hivi: tia kadi zako, kiangushe kutoka usawa wa goti juu ya khanga iliyokunjwa. Kikifunguka hapo, kwenye lami ya barabara ya Lumumba kitafunguka pia.

Wauzaji husifu kwamba alumini inazuia wezi kusoma kadi kwa mawimbi ya redio. Ni kweli chuma kinayazuia mawimbi hayo, lakini kadi za kugusisha husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu, na kama kadi yako ni ya kuchomeka haikuhusu. Mwizi wa kumhofia stendi ni yule mwenye wembe. Na usidhani kisanduku hicho hakipitishi maji. Kina mwanya mwembamba kuzunguka mfuniko wote, na kikilowa kwenye mtumbwi maji yaliyoingia hayatoki upesi kwa sababu plastiki ya mifuko inayashikilia. Ukipanda boti Kibirizi kwenda vijiji vya upande wa Gombe, mfuko wa nailoni wenye kufunga kwa mkanda, ule mdogo wa kuhifadhia chakula, unafanya kazi kuliko alumini.

Ile ngumu ndefu ndiyo naiheshimu zaidi, hasa kwa dada na mama zetu wanaofanya biashara na Kongo. Noti yetu ya elfu kumi ina urefu wa karibu sentimita 14, lakini dola ya Marekani ni sentimita 15.6. Baadhi ya waleti za kike zilizoandikwa "ndefu" zina nafasi ya ndani ya sentimita 16 au chini yake, na mshono ukishakula pande zote mbili dola inalazimika kukunjwa pembe. Upande wa pili wa ziwa dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, na iliyokunjwa kila siku mahali pamoja huanzia kuchanika hapo hapo. Kwa hiyo pima ndani, usipime nje. Chukua noti ndefu kuliko zote unazotumia, ilaze, na ibaki nafasi ya upana wa kidole kila upande. Hakikisha pia kuna vyumba viwili vya noti, ili shilingi na pesa ya kigeni visichanganyike unapohesabu haraka.

Udhaifu wa hiyo ndefu ni tumbo lake. Ikiwa ndani kuna kadibodi, mvua za Novemba hadi Aprili zitaifikia kupitia matundu ya sindano. Kadibodi ikilowa huvimba, kisha ikikauka inabaki na mawimbi, na zipu inaanza kukwama kwenye kona. Bonyeza katikati kwa dole gumba kabla hujanunua: plastiki hurudi mara moja, kadibodi huacha kishimo kidogo kinachorudi polepole, au hairudi kabisa.

Ile ya fremu ya chuma ni ya harusi na kitchen party, tusidanganyane. Kitambaa chake kimechomekwa tu kwenye mfereji wa fremu na kushikwa kwa gundi. Ukiijaza, kitambaa huchomoka kuanzia karibu na bawaba. Dawa yake ni kukwangua gundi ya zamani kwa bisibisi ndogo, kupaka mpya ndani ya mfereji, kurudisha kitambaa pamoja na kamba nyembamba ya karatasi iliyosokotwa ili kijae vizuri, halafu kuibana fremu taratibu kwa koleo lililofungwa kitambaa lisije likakwaruza. Iache usiku kucha. Vile vipipi vya juu vikilegea, kipinde kimoja ndani kidogo sana, kama unene wa ukucha. Ukizidisha havitapishana tena.

Sasa laini. Hapa ndipo watu wengi huumia, na sababu ni ngozi bandia. Ile inayong'aa na kuwa nyororo kama ya mtoto mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki uitwao poliyurithani. Utando huo huvunjwavunjwa na unyevu ukisaidiwa na joto, na Kigoma ya kando ya ziwa ina vyote viwili. Matokeo unayajua: magamba meusi ndani ya mkoba, yanayoganda kwenye vidole. Huo ubovu hausubiri utumie; waleti iliyokaa dukani miaka miwili imeshazeeka humo humo. Kunja kona yake kwa nguvu na uitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au inanata kidogo, iache, hata kama ameshuka bei mpaka akaapa kwa mama yake. Ikishaanza kubanduka hakuna fundi wa kuirudisha.

Ngozi halisi inapatikana zaidi kwenye mtumba kuliko kwenye meza za vitu vipya. Itambue kwenye kingo ambazo hazikukunjwa: ngozi ina nyuzinyuzi zilizofumana, ya bandia ina tabaka la plastiki juu na kitambaa chini, kama mkate uliopakwa siagi. Ukibonyeza kwa kidole ngozi hutoa makunyanzi madogo yasiyolingana. Jaribio la kiberiti sikushauri, utafukuzwa. Masika ngozi huota ukungu. Futa kwa kitambaa kikavu, anika kivulini penye upepo, si juani, kisha paka dawa ya viatu isiyo na rangi kwa uchache. Usipake mafuta ya kula, na mawese ndiyo usithubutu.

Kwa hayo mawese, waleti ya kitenge ina kesi yake. Ni nyepesi, hufuliwa, fundi cherehani yeyote wa Ujiji anaweza kubadili zipu. Lakini tone moja la mawese kwenye kitenge cha rangi hafifu huacha doa la chungwa ambalo sabuni peke yake hailiondoi. Nyunyiza unga wa mahindi au wa muhogo mara moja unywe mafuta, kung'uta baada ya nusu saa, ndipo ufue kwa sabuni ya kipande, kisha anika juani, maana jua hufifisha ile rangi. Harufu ya dagaa vilevile hukaa kwenye kitambaa kuliko kwenye ngozi au bati. Anayeuza dagaa na kupokea pesa kwa mkono uliotoka kwenye sinia atumie ya plastiki inayofutika, na bitana nyeusi.

Sarafu ndizo zinazoamua ubishi huu. Kisanduku cha alumini hakina pa kuziweka. Ngumu ndefu ina kijizipu katikati, lakini sarafu 15 zikijaa pale waleti inatoka kitumbo na zipu kubwa inavutwa. Laini inapanuka, inapokea, basi. Angalizo moja: kama kifungo ni cha sumaku, sarafu ya 500, ile iliyoingia mtaani 2014, hunaswa nayo. Na mstari mweusi wa nyuma ya kadi ya benki usiulaze juu ya sumaku siku nzima; chipu haidhuriki, ila huo mstari unaweza kufutika.

Jambo jingine dogo linalosahaulika ni kile kidirisha cha plastiki angavu cha kuweka picha. Picha za paspoti huganda humo, ukizitoa uso unabaki kwenye plastiki. Risiti za mashine nazo hufifia zikigusana na plastiki hiyo, kwa sababu huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali, bila wino. Kama risiti ni ya dhamana ya simu au friji, ipige picha au itoe kopi siku hiyo hiyo.

Zipu ikianza kuachia nyuma baada ya kufunga, usilaumu meno. Kwa kawaida ni kichwa chake kilichotanuka. Kirudishe mwanzo kabisa, kibane kwa koleo pande mbili za nyuma, kidogo kidogo, ukijaribu kila ubanapo. Ukizidisha kitapasuka. Vumbi jekundu la kiangazi ondoa kwa mswaki mkuukuu, halafu sugua meno kwa mshumaa.

Mimi leo natembea na mbili: laini ya ngozi ya mtumba kwa pesa, na kisanduku chenye kadi nne tu ambacho hakitoki kwenye mfuko wa ndani wa mkoba. Mwenye mkoba mdogo achukue laini. Mwenye dola achukue ngumu ndefu ya plastiki ndani. Ila dada yangu, ukifika mezani, kwanza toa yale makaratasi waliyoishindilia. Waleti nyingi hunona kwa sababu ya magazeti, na ukiyatoa inalala chali kama chapati.